Gari Lisilo na Paa la Kioo

Aziz alikutwa amelala kifudifudi sebuleni kwake, mtaa wa Ghubra, Muscat, angali amevaa kanzu nyeupe aliyoendea sala ya Ijumaa. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando yake kililala chetezo cha shaba, kile kizito cha kufukizia udi, na makaa yake yalikuwa yametawanyika na kutoboa zulia matundu meusi. Nyumba nzima ilinukia kama nyumba ya arusi.

Inspekta Khawla alichuchumaa akatazama bila ya kugusa kitu. Wakubwa wake walikuwa na desturi ya kumtuma yeye kwenye nyumba ambazo watu hugombana kwa Kiarabu na kulia kwa Kiswahili, kwa kuwa kwao pia ni hivyo hivyo. Bibi yake alizaliwa Unguja na mpaka leo hakubali kwamba chai ya Muscat ni chai. Kazi hiyo Khawla hakuiomba, lakini aliijua.

Na kesi yenyewe ilikuwa imejiandika, au ndivyo walivyotaka iwe. Mlango haukuvunjwa. Daktari wa uchunguzi wa maiti alisema mauti yalitokea muda mfupi baada ya sala. Jirani alisikia makelele ya mume na mke wakati huo huo, kisha akaliona gari la mke, Kawthar, likitoka kwa kasi. Maabara ikaleta neno la mwisho: juu ya chetezo kulikuwa na alama za vidole za mtu mmoja tu, Kawthar. Mtu angetaka nini zaidi?

Walimkamata nyumbani kwa mama mkwe wake, mtaa wa Al Khoudh, alikokwenda kula chakula cha Ijumaa pamoja na familia. Alikuwa na mtoto mapajani, Aya, ambaye bado hajaachishwa ziwa. Mtoto akaachwa kwa shangazi zake, mama akapelekwa mahabusu.

"Mligombana kwa sababu gani?" Khawla alimuuliza.

"Simu."

"Simu ya nani?"

"Namba ya Dubai. Kila siku ikilia anatoka nje kuzungumza. Nikamuuliza, mwanamke gani huyo? Akasema si mwanamke. Ningoje mpaka jioni nitajua."

"Ukakasirika."

"Nilikasirika. Nani asingekasirika?"

"Ukampiga na chetezo."

"Nilikitia makaa ili akirudi kutoka msikitini akute nyumba inanukia. Baada ya ugomvi nikachukua mwanangu nikatoka. Nilimwacha mzima, amesimama."

Namba ya Dubai ilikuwa imezimwa, na haikuwa imeandikishwa kwa jina la mtu yeyote waliyemjua. Mkuu wa kituo hakuona haja ya kuifukuzia. Faili liende kwa Mwendesha Mashtaka Jumapili asubuhi, alisema, na kila aliyekuwa chumbani alijua kosa la kuua kwa kukusudia linampeleka mtu wapi. Khawla akauliza, hivi mwanamke aliyetoka kumpasua mumewe kichwa atakwenda moja kwa moja kula pilau kwa mama wa marehemu? Mkuu akamjibu kwamba ameshaona wengi waliokwenda, na wakaomba waongezwe. Basi Khawla akabaki na Jumamosi moja tu, na roho haikumtulia hata kidogo.

Jumamosi hiyo akenda Al Khoudh. Msiba ulikuwa umejaa, wanaume uani chini ya turubai, wanawake ndani. Mazishi yalikuwa yakimngojea Asaad, mdogo wa marehemu, anayesomea udaktari Uingereza, ambaye alishapiga simu kusema kapata ndege ya mwanzo na atafika alasiri. Shangazi mmoja alikuwa akimbembeleza Aya kwa chupa. Mtoto anaikataa, analia mpaka sauti imekauka. Hakuna aliyelitaja jina la mama yake. Mwanamke mmoja alisema wazi wazi kwamba maziwa ya muuaji bora yasingenyonywa, na Khawla akameza hasira zake kwa sababu yuko kazini.

Bi Khole, mama yake Aziz, alikuwa ameketi juu ya godoro, tasbihi mkononi, macho makavu. Khawla alimshika mkono, akampa pole, akauliza aliyokuja kuuliza. Kawthar alifika saa ngapi? Alikuja akilia. Alisema nini? Hakusema kitu. Majibu yalikuwa mafupi, na Khawla akaanza kuaga.

"Kaa, mwanangu," Bi Khole akasema. "Nataka nikuoneshe mvua."

Khawla akadhani msiba umemchanganya. Lakini bibi alikuwa amekwishamwita mjukuu wake, Bashayer, alete simu. Kila Ijumaa baada ya chakula, Asaad huwapigia simu ya video, na simu huzungushwa mkono kwa mkono mpaka kila mtu amsalimie. Bashayer huzihifadhi picha za mazungumzo hayo na kuzituma kwa jamaa. Hata jana Asaad alipiga, wakati wao wakimngoja Aziz aje kula, hawajui kama ameshakufa.

Picha ya kwanza ilimwonesha Asaad ndani ya gari, mkanda umetokea bega la kulia, kama wanavyofungwa madereva wa kule wanaokaa upande wa kulia. Ya pili alikuwa ameigeuza simu juu. Maji yalikuwa yakitiririka juu ya kioo kikubwa kilichokuwa ndilo paa la gari.

"Kila Ijumaa namwomba anioneshe mvua," Bi Khole akasema. "Hapa hatuioni. Hunionesha ya dirishani. Jana kanionesha ya juu."

"Maashallah," Khawla akasema, kwa kuwa hakujua aseme nini.

"Gari hilo nlimnunulia mimi, jipya, alipoingia mwaka wa tatu. Nikamwambia atie paa la kioo, nikenda kumtazama nikae chini ya mvua nisirowe. Akakataa katakata. Ati kodi."

"Kodi gani, Bi Khole?"

"Kodi ya barabara, ya kila mwaka. Kule gari jipya bei yake ikivuka mpaka, pauni elfu arobaini kanambia, basi juu ya kodi ya kawaida unaongezwa nyengine, miaka mitano mfululizo. Na bei wanayoitazama si ya gari tupu. Kila kikorombwezo kilichotiwa kiwandani kimo hesabuni. Gari lake lilikuwa chini ya mpaka kwa kidogo tu. Paa lingelivusha."

Khawla hakuwa amelala tangu juzi. Alijikaza asipige miayo mbele ya mfiwa. Akauliza kwa heshima tu kama Asaad hakuweza kulitia paa hilo baadaye.

"Ndivyo nlivyomwambia. Kamera ya mbele, mazulia, chuma cha kuvutia tela, hivyo kavitia gari lilipokwisha kusajiliwa, na havikuhesabiwa. Mwanangu hodari wa mambo hayo. Lakini paa halitiwi baadaye. Kanambia, Mama, gari likitoka kiwandani na bati, litakufa na bati."

Bi Khole akarudi kwenye tasbihi yake. Khawla alikuwa ameishika simu ya Bashayer, na usingizi wote ulikuwa umemruka. Akaitazama tena ile picha ya pili.

"Na gari alilonalo mpaka sasa ni hilo hilo?"

"Jana nlimuuliza. Kasema ndilo."

Khawla aliomba atumiwe picha zile, akashukuru, akatoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Alipofika nyuma ya magari ya wafiwa akampigia msaidizi wake, Sajini Yaarub, na hapo haraka ikamtoka yote.

"Angalia kumbukumbu za mipaka. Viwanja vya ndege, na barabara ya Dubai. Jina Asaad, mdogo wake marehemu."

"Afande, si yuko Uingereza yule?"

"Angalia."

Akawa anakwenda huku na kule kwenye jua. Mkanda wa bega la kulia ulimhadaa hata yeye, na hilo lilimuudhi. Gari la Muscat lina usukani kushoto; mtu akikaa kiti cha abiria mbele, mkanda unatokea kulia, na asiyeuona usukani ataapa kwamba anamtazama dereva wa London. Maji je? Maji ya kuoshea magari yapo kila kituo cha petroli.

Yaarub alipiga haraka kuliko alivyotarajia, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Asaad aliingia Oman jana asubuhi kwa barabara, akitokea Dubai, ndani ya gari la kukodi. Hajatoka. Na kabla ya hapo, kwa muda wa karibu mwaka mzima, kitambulisho chake cha ukaazi kilikuwa cha Dubai.

"Njoo na askari wawili," Khawla akamwambia. "Msiwashe king'ora. Akishtuka akageuza kuelekea mpakani, Kawthar atalipia."

Walikuwa bado hawajafika. Teksi ilisimama mlangoni na Asaad akashuka, sanduku mkononi, macho mekundu. Wanaume wakamkumbatia mmoja mmoja. Alilia, na Khawla, aliyekuwa amesimama kando, aliona kwamba analia kweli. Hilo ndilo lililomtisha. Akangoja mpaka salamu zikaisha, akamwomba kwa upole waingie chumba cha wageni, ni maswali mawili matatu ya kawaida, halafu amwachie akamzike ndugu yake. Akauacha mlango wazi ili aone nje.

"Pole sana. Safari ilikuwaje?"

"Ndefu. Sikulala."

"Umetoka London?"

"London, ndiyo. Usiku wa jana."

"Gari lako umeliacha wapi?"

"Uwanja wa ndege, kule kule."

"Mama amenisimulia habari za gari hilo. Nina ndugu yangu anataka kununua kule, ameingia hofu ya kodi. Ati vikorombwezo vinaipandisha?"

Asaad akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu afike uso wake ulilegea, maana hapa palikuwa na jambo analolijua. Akaeleza vizuri, kama mwalimu. Ndugu yake aagize gari tupu, vitu vidogo vidogo atie baada ya kulisajili. Cha kiwandani kinahesabiwa, cha baadaye hakihesabiwi.

"Na paa la kioo?"

"Aliache. Mimi sikutia. Lingenivusha mpaka, nikalipa ziada miaka mitano."

"Hukutia."

"Hapana."

Khawla akaiweka simu yake juu ya meza, katikati yao. Maji juu ya kioo. Asaad aliitazama picha yake mwenyewe kwa muda, kisha akatazama mlango. Yaarub alikuwa ameshasimama pale.

"Uliingia kwa barabara ya Dubai jana asubuhi," Khawla akasema. "Namba ya Dubai aliyokuwa akizungumza nayo Aziz ni yako. Kawthar yumo ndani kwa kosa lako, na mtoto wake analia hapo chumba cha pili. Unamsikia?"

Walimsikia wote. Asaad akauziba uso kwa mikono.

"Sikuja kumuua," akasema.

Yakatoka, taratibu kwanza, kisha yote kwa mkupuo. Chuo kilimfuta. Alifeli, akarudia, akafeli tena. Gari akaliuza, akahamia Dubai kwa rafiki, akafanya kazi ya kuonesha watu nyumba za kupanga. Kila Ijumaa akakaa ndani ya gari la mtu likioshwa, maji ya dirishani akayaita mvua, akamdanganya mama yake kuhusu hospitali na wagonjwa. Aziz peke yake aligundua, akamfichia mwaka mzima.

"Mkewe akaanza kudhani ana mwanamke. Akaniambia basi, hawezi kuivunja nyumba yake kwa uongo wangu. Akaniita nije Ijumaa hiyo hiyo."

"Alitishia kukusema?"

Asaad akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Laiti angetishia. Alisema twende pamoja kwa Mama, tule, halafu nimwambie mwenyewe. Alisema, nitakaa ubavuni mwako, utanishika mkono. Mimi nikamwona Mama anavyowaambia watu, mwanangu daktari. Nikamwomba asubiri mwezi mmoja tu. Akanipa mgongo kwenda kuchukua funguo. Chetezo kilikuwa mezani, cha moto. Nikakikamata kwa kilemba changu."

Kwa hiyo alama za vidole zikabaki za mke peke yake. Hata hilo hakulikusudia. Alichelea kuungua tu.

"Na mvua?"

"Nilikwenda kuosha damu kwenye mlango wa gari. Ijumaa Mama hungoja simu. Nisingepiga angeshuku. Nikakaa kiti cha pili, maji yakapita juu, akaniomba mvua kama kawaida yake. Nikamwonesha. Sikukumbuka habari ya paa. Wallahi sikukumbuka."

Walimtoa kwa mlango wa nyuma ili msiba usigeuke fujo, lakini Bi Khole alikuwa amesimama pale ukumbini, ameshikilia ukuta. Asaad alipita mbele yake kichwa chini. Mama hakumgusa, wala hakumwita. Alipokwisha kutoka, Khawla akamkamata bibi mkono na kumkalisha.

"Ulijua, Bi Khole."

"Jana aliponigeuzia simu nlijua hayuko kule. Basi. Ilipokuja habari ya Aziz, nikakaa usiku kucha nnajiambia si yeye."

"Mbona hukusema tangu jana?"

"Nimezaa wawili, mwanangu. Kinywa hiki kilinikatalia. Habari ya kodi niliweza kuisema."

Jumapili asubuhi faili lilikwenda kwa Mwendesha Mashtaka likiwa na jina jengine, na Khawla mwenyewe akamrudisha Kawthar kule Al Khoudh kumchukua mwanawe. Kawthar alikuwa amekwishaambiwa kila kitu, pamoja na kile alichoahidiwa na mumewe kukijua jioni. Wanawake walionena maneno yao jana sasa walikuwa wameshughulika sana na vikombe.

Kawthar alimchukua Aya, akakaa pale pale kizingitini, akamnyonyesha bila ya kumtazama mtu. Bi Khole alitoka ndani akijikokota. Katika nyumba zile mdogo ndiye humbusu mkubwa mkono, na Kawthar hakunyanyua wake wala hakuomba wa mama mkwe. Bibi akainama kwa taabu, magoti yake yakilia, akauchukua mkono wa mkwewe uliokuwa mgongoni mwa mtoto, akaubusu. Kisha akakaa chini sakafuni karibu naye, akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kawthar hakuuondoa mkono.