Neno Kwenye Kadi ya Harusi

Jioni ile mtafsiri alikuwa amebakiza neno moja tu afunge ofisi. Kadi ya harusi ya mdogo wake, iliyofunguliwa kwenye kompyuta, iliandikwa kwa Kiingereza, na katikati kulikuwa na neno "auspicious". Akaandika "siku njema", akafuta. Akaandika "siku ya heri", akafuta tena.

"Ndege," sauti ikasema.

Akashtuka. Mlangoni alisimama bibi mfupi aliyejitanda nguo nyeusi. Hatua zake ngazini hazikusikika.

"Shikamoo, bibi. Tumefunga."

"Marahaba. Neno hilo asili yake ni ndege. Warumi wa kale, kabla ya ndoa au vita, walitazama angani. Ndege wakipita upande mwema, jambo linaendelea. Wakipita upande mbaya..."

Akatazama dirishani.

Mtafsiri akafungua kamusi kubwa. Kweli: neno la Kilatini, ndege na kutazama. Ndipo nywele zikamsimama. Kompyuta yake iliupa mlango kisogo. Bibi alilisomaje lile neno?

Ikaja harufu ya manyoya yaliyolowa. Nje hapakuwa na mvua.

"Mdogo wako yuko wapi saa hizi?"

"Kaenda kujaribu gauni... na mchumba wake."

Tap. Tap. Tap.

Dirishani, ndege watatu weusi. Wakamkodolea macho, kisha wakaruka kwa pamoja kuelekea darajani.

"Mpigie," bibi akanong'ona. "Ashuke garini."

Akapiga simu.

"Dada, nini tena? Tunakaribia daraja."

"Shuka kwenye gari!"

"Umechanganyikiwa?"

"Shuka! Nakuomba, mdogo wangu."

Akasikia mlango wa gari ukibamizwa, mdogo wake akilalamika barabarani, na mchumba akiondoa gari kwa hasira. Alipoinua macho, bibi hayupo.

Gari lilikutwa katikati ya daraja. Injini inaunguruma, vioo vimepandishwa, mkanda wa dereva umefungwa. Kwenye kiti, hakuna mtu. Walimtafuta mchumba mtoni siku nne, wasipate hata kiatu.

Kwenye msiba, mtafsiri alimweleza mama wa bwana harusi habari za yule bibi. Mama akamsogelea.

"Mfupi? Kajitanda nyeusi?"

"Ndiyo, mama."

"Huyo ni mama yangu. Ndiye aliyemlea mwanangu, na hakutaka kabisa mjukuu wake aoe. Tulimzika miaka sita iliyopita."

Mdogo mtu alikuwa ameketi kando, amesikia yote.

"Dada," akauliza polepole, "alitaka kuniokoa... au alitaka tu nimpishe, amchukue?"