Kichupa Kilichopiga Mwayo

Kichupa kilipiga mwayo. Fundi wa maabara aliusikia waziwazi, mwayo wa mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi, na harufu ya udongo mbichi ikampanda puani.

Alikuwa amekitoa kwenye tangi la naitrojeni ya kimiminika, baridi isiyo na mfano, akakitia kwenye maji ya uvuguvugu. Ndani mlikuwa na ncha ya chipukizi la kiazi kikuu, ndogo kama punje ya mtama. Ugonjwa ulishamaliza mbegu hiyo mashambani. Iliyobaki duniani ni hii.

"Bosi, kimepiga mwayo."

"Umepiga wewe," mkuu wa maabara alicheka. "Jana ulilala saa ngapi?"

Fundi naye akacheka, kicheko cha midomo tu. Saa saba mchana mama yake akapiga simu: mjukuu wake, binti wa fundi, mtoto wa miaka sita, kalala juu ya sahani yake na haamki.

Fundi alikimbilia nyumbani, akamkuta mkekani, mwili baridi, kope zimeshika barafu na jua linawaka dirishani, akivuta pumzi moja pale mwingine angevuta kumi, na kila iliyotoka ilinuka udongo uleule. Mganga aliyeitwa na bibi hakuvuka hata kizingiti.

"Umeamsha nini huko kazini?" alinong'ona.

"Mbegu tu, baba. Ilikuwa imelala."

"Na aliyelala ndani yake? Hukuambiwa, usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe? Basi jini kamlaza mtoto badala yake. Mrudishe alikotoka, kabla mbegu haijafungua jani la pili."

Alirudi maabara mbio, akakuta jani moja limeshatokeza nje ya kichupa na la pili linajikunjua polepole huku anatazama, akakinyakua, na mkuu akamdaka mkono.

"Ukiigandisha hivihivi bila dawa ya kuikinga itakufa! Ni ya mwisho!"

"Na mwanangu je? Ninaye mwingine?"

Akakitumbukiza. Tangini ukatoka ukelele mmoja, mwembamba, wa kitoto. Kisha simu: ameamka, anadai chakula. Fundi alilia kwa furaha.

Leo ni siku ya nne, na mtoto hajafumba macho. Anazunguka chumba hadi chumba, anafunua mito, anachungulia uvunguni.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Usingizi wangu, mama. Umeuweka wapi?"

 Fundi alijua hata namba ya rafu, kule tangini.