Gari Lililonyamaza Mbele ya Fundi

Kila asubuhi gari langu liliamsha mtaa mzima. Nikiliwasha tu linaanza: ta-ta-ta-ta, kama cherehani mbovu. Na chini liliacha doa jeusi la oili.

Nililinunua mkononi, kuukuu, limeshapita kwa watu watatu. Nililinunua kwa hasira. Mke wangu alifariki kwenye benchi la zahanati akisubiri ambulansi. Ambulansi ilikuwa imempeleka mkubwa mmoja mkutanoni. Nikasema, nyumbani kwangu hakuna atakayesubiri gari lao tena. Sasa binti yangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na hospitali iko mbali.

Mara tatu nilikwenda gereji. Nikifika, gari kimya.

"Mzee, mimi sisikii kitu," fundi akasema.

"Nyumbani linapiga kelele!"

"Basi lina adabu likiona wageni."

Mara ya tatu akabadilisha gasketi ya chini, ule utepe unaozuia oili isivuje, kwa kubahatisha tu. Baada ya siku mbili doa likarudi.

Nikachukua ndoo na sabuni, nikaanza kuosha injini. Huku nawalaani walioacha barabara ijae mashimo, na wakaguzi waliolipitisha gari bila hata kufungua boneti. Jirani akanisikia. Mama huyu alisimamia jenereta za kiwanda miaka ishirini na sita, kwa hiyo tunamwita Mama Jenereta. Alikuwa shoga wa marehemu mke wangu.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Naosha injini. Kesho naenda kwa fundi."

"Na safari zile nyingine uliosha?"

"Kila mara. Nipeleke gari chafu, watu wanioneje?"

"Ala! Oili ikivuja inaacha njia. Wewe unaifuta njia, halafu unamuuliza fundi imetoka wapi!"

"Barabara zao ndizo zimeniharibia gari."

"Barabara mbovu, nakubali. Lakini sabuni hukupewa na serikali."

Nikanuna. Yeye hakujali.

"Kelele inatoka wakati gani?"

"Asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikipata moto, inaisha."

"Na gereji ni mwendo gani?"

"Nusu saa."

Nikasikia mwenyewe nilichosema. Nusu saa nzima nilikuwa naipasha moto injini, halafu namgombeza fundi kwamba hasikii.

"Mwite aje hapa," akasema Mama Jenereta. "Na ndoo yako iweke mbali."

Siku tatu hatukuigusa injini kwa maji. Jioni ya tatu tukatandika boksi chini ya gari. Asubuhi fundi akaja, gari likiwa bado baridi.

Mama Jenereta akachomoa kijiti cha kupimia oili. Akakifuta, akakirudisha mpaka mwisho, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imegusa ncha tu, chini kabisa ya alama ya chini.

"Kelele yako hii hapa," akasema. "Oili haitoshi. Ukiwasha, vyuma vya juu vinagongana vikavu mpaka oili ivifikie."

Fundi akajaza oili mpaka kati ya alama mbili. Nikawasha. Injini ikagonga kidogo tu, ikanyamaza. Nikazima.

Kisha tukatazama boksi. Tone lilikuwa upande wa nyuma. Fundi akainama.

"Inavuja chini."

"Mwanangu, oili hupanda?" Mama Jenereta akamuuliza.

"Haipandi, mama."

"Basi anza kutazama juu."

Fundi akawasha tochi. Akaifuata njia ya oili kutoka kwenye tone, nyuma ya injini, hadi kwenye kifuniko cha juu. Gasketi yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Akaibadilisha asubuhi ile ile, uso ameuinamisha.

"Na wewe, shemeji," mama akanigeukia, "pima oili kila wiki. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, simama uzime hapo hapo. Na ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaozidi ukikanyaga mafuta, usijitie kufika nyumbani. Zima, livutwe."

"Basi, nimesikia!"

"Hujasikia. Rudia."

Nikarudia, kama mtoto wa shule.

Wiki mbili baadaye, saa tisa mchana, binti yangu akaushika ukuta. "Baba, ni sasa." Nikamwingiza kiti cha nyuma, Mama Jenereta kando yake. Nikafungua boneti.

"Baba! Mtoto anatoka, wewe unapima oili?"

"Dakika moja, mwanangu."

Oili ilikuwa kati ya alama mbili. Tukaondoka. Kila shimo la barabarani nililipa tusi lake, lakini injini haikugonga hata mara moja. Mjukuu wangu alizaliwa saa kumi na moja, mikononi mwa mkunga, juu ya kitanda kisafi.

Nikanyoosha mikono nimpokee. Binti yangu akaitazama ile oili vidoleni, kisha akacheka.

"Kanawe kwanza, baba."

Nikaenda. Nikanawa mara mbili.