Taa ya Mama Mkwe

Betri ilikuwa chini, kwenye sakafu ya baraza, juu ya kipande cha boksi, na taa ya injini ilikuwa inawaka.

Isdori aliinama akachungulia tena ndani ya Probox yake. Saa ya gari imekufa, redio imekufa, geji ya mafuta imelala. Ila kale kaalama kadogo ka injini, ka rangi ya chungwa, kalikuwa kanawaka kama kawaida. Akaangalia betri. Akaangalia taa. Halafu, bwana we, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, mwalimu wa kwaya anayeogopwa hadi na waimba besi, akavua kofia akaifunika dashibodi, akaenda kunawa mikono.

Sisi majirani wa hapa Kizwite tulikuwa tumeshamzoea. Tangu Machi, kila Jumamosi asubuhi, utamkuta na spana yake namba kumi. Anafungua waya wa hasi, anabonyeza honi mpaka umeme uliobaki uishe, anangoja nusu saa, anafunga. Taa inazimika. Jumatatu imerudi. Tukamwambia ampelekee Muhidin, fundi wa pale Mazwi, ana kile kimashine cha kusoma gari. Akawa anajibu ni sensa tu, magari haya yana mambo mengi. Uongo mtupu. Alichokuwa anakwepa ni swali ambalo fundi yeyote lazima aanze nalo: taa ilianza kuwaka ukiwa wapi?

Maana ilianza siku aliyokufa mama mkwe wake.

Bibi Monika alikuwa anaishi Wampembe, kule ziwani, na kifua kilikuwa kinamsumbua. Isdori alitumwa na mkewe Bertilla akamlete hospitali huku mjini. Akarudi na maiti. Alisema mama alikata roho getini pa hospitali, palepale kwenye kiti cha nyuma, taratibu tu, kama mtu aliyesinzia. Sasa kwa ukoo wa kina Bertilla, aliyefia njiani haletwi kwa mwili peke yake. Mtoto wake huenda mahali palepale alipovuta pumzi ya mwisho, akavunja tawi, akasema, "Mama, twende nyumbani," na tawi hilo huzikwa naye. Bertilla ndiye mtoto pekee aliyebaki. Alivunja tawi la mti ulioko getini, akaongea na mama yake pale huku watu wanapita na mabaiskeli, na Isdori alisimama pembeni kashika kofia mkononi, akamwacha mkewe aongee na mti.

Pale getini hapakuwa pamefia mtu. Isdori alijua hivyo, na aliamini kwamba siku Bertilla atakapojua, ndoa imekwisha.

Jumamosi hiyo ya Juni, ukungu ulikuwa haujaondoka na upepo wa baridi ulikuwa unakata masikio. Isdori alirudi kwenye gari, akaifunga betri, akaifungua tena, akabonyeza honi. Ikalia, ikapungua, ikakwama. Na honi iliponyamaza, kiti cha nyuma kikakohoa.

Mara mbili. Kikohozi cha kifua, cha mtu anayejibana asisikike mbele ya mkwe.

Hakugeuka. Harufu ilimfikia kwanza, dagaa wa kukausha na dawa ya kuchua, na alipoinua macho akakiona kioo cha ndani, kile alichokigeuza juu kitazame paa tangu siku ya safari, kimeshushwa tena, kimeelekezwa kiti cha nyuma. Ilikuwa mara ya nne wiki hiyo. Akakisukuma juu kwa kidole bila kukitazama, akatoka upande wa abiria.

Bertilla alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa ulezi.

"Baba Edith," alisema polepole. "Nani yuko kwenye gari?"

"Hakuna mtu."

"Nimemsikia."

Hapo ndipo Isdori alipofanya jambo ambalo hata leo ukimkumbusha anainamisha kichwa. Alishusha sauti akasema, "Mama Edith, nilikuwa nakuficha. Nadhani ni jini. Jini la ziwani. Lilipanda gari kule Wampembe."

Mama mkwe wake, aliyemchemshia samaki kila alipoteremka kule, akamwita jini. Masikio yalimwaka kwa aibu hata kabla hajamaliza kusema.

Bertilla aliuweka ungo chini. "Sawa," akasema. "Basi tumwite anayejua majini."

Anayejua majini ni Bi Mwantum, mama yake Muhidin fundi. Alifika mchana huohuo, bajaji ikamshusha mbele ya watu wote, na mwalimu wa kwaya ikabidi atoke kumpokea chetezo chake.

"Shikamoo, Bi Mwantum."

"Marahaba, baba. Liko wapi?"

Akaonyeshwa. Akaingia kiti cha nyuma na ubani wake, akafunga mlango, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Mume na mke walisimama uani. Mwanzo hakukuwa na kitu, ni moshi tu uliokuwa ukipapasa vioo. Kisha zikaja hatua. Zilikuwa hatua za kandambili juu ya changarawe, ingawa uani mwa Isdori hakuna changarawe, ni udongo uliofagiliwa asubuhi, na zilikuwa zinatokea chini, kana kwamba uwanja ule tambarare ulikuwa mlima na mtu anaupanda, anavuta mguu mmoja, anasimama, anahema, anakohoa mara mbili, anavuta mguu mwingine, anakaribia mpaka Isdori anasikia mlio wa mate kooni mwake, halafu zinaanza tena kule chini, mwanzo kabisa, palepale zilipoanzia, na chini ya kofia pale kwenye dashibodi taa ikawa inapenya kitambaa, inakuwa kubwa, mpaka moshi wote ndani ya gari ukageuka rangi ya chungwa.

Bi Mwantum alifungua mlango.

"Jini ana maneno mengi," alinong'ona. "Atataka manukato, atataka kitambaa, atataka kuku. Huyu hataki kitu. Ananiuliza tu kama kileleni bado ni mbali."

Isdori akaketi chini kwenye udongo.

"Mama Edith," alisema. "Hakufia getini."

"Endelea."

"Tulipofika kwenye ule mlima wa kutoka ziwani, taa ikawaka. Gari likakosa nguvu. Nikaogopa injini itaungua. Nikamwambia mama ashuke, apande kidogo kwa miguu, gari liwe jepesi, nitamngoja juu." Alikuwa anasema na magoti yake. "Alisema sawa, baba. Hakulalamika. Nilikuwa nimekigeuza kioo nisimtazame usoni, ndivyo tulivyolelewa, mkwe hatazamwi. Sikuona alivyokuwa amechoka. Na kumbeba ningembebaje, mkwe? Nikaenda. Nikangoja juu, nikafungua boneti nikawa nahangaika na injini. Karibu saa nzima. Nilipomrudia nilimkuta amekaa kwenye jiwe, kwenye kona. Ameshakata roho. Mfuko wake uko magotini."

Bi Mwantum alitazama pembeni. Isdori akangoja kelele, au kofi. Angalipenda kofi.

"Nilimwosha mimi," Bertilla alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mtu aliyekaa kwenye gari toka Wampembe, miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini. Nimengoja miezi mitatu useme, Isdori."

Hakumwita Baba Edith. Isdori mwenyewe aliliona hilo, akafunika uso kwa mikono.

Kesho yake, baada ya misa ya kwanza, waliondoka. Bertilla alikaa mbele. Kwenye kona ile ya mlimani, jiwe lilikuwepo. Bertilla alivunja tawi la kichaka kilichokuwa nyuma yake, akapiga magoti.

"Mama, twende nyumbani."

Isdori aligeuza gari, akawasha. Taa ikawaka. Akakanyaga mafuta, gari likanguruma bila kusogea, kama siku ile.

Bertilla akashuka. "Nenda na gari lako," alisema. "Mama nitapanda naye mimi."

Akaenda. Gari tupu lilipanda bila shida, na kila mita aliyopanda ilimchoma. Juu alisimama akangoja, safari hii hakufungua boneti. Zikaja kandambili kwenye changarawe. Jozi mbili. Mlango wa nyuma wa kushoto ukafunguliwa ukafungwa. Kisha wa kulia. Gari likazama kidogo, upande huu na upande ule.

Taa ikazimika.

Isdori aliinua mkono kukigeuza kioo juu, kwa mazoea, kwa adabu.

"Kiache," alisema Bertilla kutoka nyuma. "Ulishindwa kumtazama siku ile. Leo utamtazama mpaka nyumbani."

Akatazama.

Alichokiona hajakisimulia kwa mtu, na sisi hatumuulizi. Tawi lilizikwa jioni ile. Taa haijawaka tena, na spana namba kumi ameigawa. Ila Bertilla hajarudi kukaa kiti cha mbele. Akienda sokoni, akienda kanisani, anakaa nyuma, upande wa kushoto, mfuko magotini, na ukitaka lifti atakwambia kwa upole ukae mbele na Isdori, maana huku nyuma hakuna nafasi.