Kibao cha Kitavi

Maiti ya Kitavi ilitolewa kwenye bwawa la kuogelea la Muthangari siku ya Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi. Ilikuwa imekaa chini kabisa, upande wenye kina. Mtu wa miaka thelathini na minne, kifua kipana kama mlango, mkufunzi wa waokoaji. Mtu wa namna hiyo hazami ovyo.

Daktari alikuta maji kwenye mapafu na michubuko chini ya kidevu.

"Alishikwa," akasema. "Kwa nyuma."

Kufikia jioni Haron alikuwa selo. Haron ndiye mtunza bwawa, mkaaji wa Mutuini, mwenye ufunguo. Wiki hiyo hiyo Kitavi alikuwa amemripoti kwa kulala kazini. Jumatatu saa tatu angefikishwa kortini kwa mauaji.

Inspekta Mbithe hakuridhika. Akamhoji tena.

"Ulipiga deki saa nzima kando ya maji, usione mtu?"

"Madam, niliangalia ubao. Ulikuwa mweupe wote. Ubao ukiwa mweupe hakuna mtu majini. Sasa nichungulie nini?"

"Ati ubao!" Konstebo Kuria akacheka. "Huyu anatuchezea tu."

Mbithe akaenda kuuona huo ubao.

Chama cha waokoaji alichofundisha Kitavi kilikuwa cha kujitolea. Kila Pasaka na Disemba wanachama walishuka pwani kulinda waogeleaji ufuoni, bila kulipwa hata nauli. Miezi mingine walifanya mazoezi hapa. Katibu wao, Bhoomi, alimwonyesha vibao vidogo vilivyotundikwa ukutani, kila kimoja na jina la mwanachama. Upande mwekundu: yuko majini. Mweupe: ametoka.

"Kila mtu anageuza chake?"

"Kuingia, ndio. Kutoka, hapana. Unageuziwa na yule mliyeingia naye. Yaani lazima akuone kwa macho yake umeshatoka. Hata kwa bahari tunafanya hivyo. Anko Musili ndiye alileta hiyo sheria, yeye ndiye alianzisha chama."

"Cha Kitavi kilikuwa upande gani?"

Bhoomi akakitafuta kwa kidole. "Mweupe."

"Na Kitavi alikuwa chini."

Bhoomi akaketi kwenye benchi.

"Haron huugusa?"

"Haruhusiwi hata kuupanguza."

"Mbona vibao ni kama vipya?"

"Nilivipaka rangi mwenyewe. Nikavitundika Alhamisi jioni, watu wote wakiwa wameenda."

Jumamosi wanachama wote walichukuliwa alama za vidole. Mtaalamu akakikagua kibao cha Kitavi. Alikuta alama za Bhoomi, alama za marehemu, na kidole gumba cha mtu wa tatu. Hakikuwa cha Haron.

Jumatatu saa moja asubuhi Mzee Musili aliingia kituoni. Karani mstaafu, miaka sitini na miwili, mgongo wima, koti limepigwa pasi.

"Mara ya mwisho kufika bwawani ni lini, mzee?" Mbithe akauliza.

"Jumanne."

"Una hakika?"

"Mama, mimi si mtoto."

"Haron anasema ubao ulimdanganya."

"Haron anapenda usingizi kuliko mshahara. Mlikosea wapi kumshika?"

Mbithe akaweka mezani mfuko wa plastiki. Kibao kilikuwa ndani.

"Hiki kilitundikwa Alhamisi jioni. Kina gumba lako."

Musili akauinamia mfuko.

"Nilikigeuza?" akauliza, kama anayemuuliza mtu mwingine.

"Hukumbuki?"

"Mkono umezoea, mama. Miaka kumi na tisa."

Kuria akavuta kalamu.

"Kitavi alinipangia mtihani wa uokoaji Ijumaa asubuhi mapema, sisi wawili tu, nisiaibike mbele ya vijana. Hata sijalowa, hata kibao changu sijakigeuza, akaniambia, 'Mzee, mwaka huu tunakufanya mwanachama wa heshima.' Unajua hiyo ni nini? Ni kukaa kwa hema ukigawa maji ya chupa. Mimi! Nimetoa watu kumi na saba baharini kwa mikono hii. Nikamwomba zoezi moja tu. Akajilegeza, akawa ndiye mtu anayezama. Nikamshika kidevu kwa nyuma, vile tunavyoshika. Nilitaka aone nguvu bado ziko."

"Halafu?"

"Akanipiga mkononi mara mbili. Hiyo ni ishara. Ukipigwa mara mbili unaachilia."

"Uliachilia?"

"Hapana."

"Akapiga tena?"

"Akapiga tena."

Nje mtu alikuwa akiosha gari la polisi.

"Na Haron?" Mbithe akauliza.

"Ningesema."

"Lini, mzee? Anapelekwa kortini saa tatu."

Musili akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili kasorobo.

Kuria alienda kufungua selo. Haron akatoka, viatu mkononi, akikwepa mwanga.

"Umepona, bwana," Kuria akamwambia. "Ni Mzee Musili. Amekubali mwenyewe."

Haron alisimama pale pale.

"Mzee Musili? Si jana alikuja hapa kuniona? Aliniletea chapati, akanisihi nikubali kosa. Akaniambia mahakama huwahurumia wanaokubali."