Kadi Nyeupe Dirishani

Kila asubuhi kabla ya kengele, Chiriku alining'iniza kadi nyeupe nje ya dirisha la darasa. Kadi ilipakwa mafuta ya mgando ili inase vumbi. Kesho yake aliitoa, akaandika kwenye daftari: safi, kijivu au nyeusi. Mwalimu wa sayansi alimpa kazi hiyo kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Jina la Chiriku alipewa na wenzake, maana alikuwa haishi kuongea. Siku hizi jina lilibaki, maneno yalikuwa yamekwisha.

Yalikwisha siku mama yake aliporudi na habari. Mama alikuwa mwendesha mitambo katika kituo cha umeme wa makaa ya mawe, kile chenye bomba refu la moshi nyuma ya shule.

"Kituo hakifungwi leo wala kesho," alisema akivua viatu. "Kitawashwa siku ambazo umeme wa jua na wa upepo hautoshi. Betri kubwa za kuhifadhi umeme zikikamilika, basi, kitazimwa."

"Na wewe, Mama?"

"Tutaona." Akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikwisha oshwa.

Tangu hapo Chiriku alikuwa kama amekufa ganzi. Alikula, alioga, alijibu "ndiyo". Hata Kipaza, rafiki yake wa dawati moja, alishindwa kumchekesha. Kipaza aliitwa hivyo kwa sababu ya sauti yake. Akinong'ona, mwalimu mkuu humsikia akiwa ofisini. Alikuwa na pumu, hivyo kwa miezi mingi wawili hao waliketi upande wa ukutani, na madirisha yanayoelekea kituoni yalifungwa. Kituo kilikuwa kimewekewa vichujio vipya vya moshi, na mwalimu alitaka kujua kama vinatosha. Ndiyo maana ya zile kadi.

Wiki moja upepo ulilala, mawingu yakatanda, kituo kikawashwa. Siku ya pili Chiriku alitoa kadi na kuikuta nyeusi tititi. Aliitazama kwa muda. Wakijua hivi, aliwaza, watakifunga mapema, na Mama atakaa nyumbani. Hakuona hofu wala aibu. Aliichana, akatundika kadi mpya, akaandika "safi" kwenye daftari. Alifanya hivyo siku tatu mfululizo, kama mtu anayekunja nguo.

Ijumaa mwalimu alilipitia daftari. "Naona vichujio vinafanya kazi," alisema. "Jumatatu tufungue madirisha. Kipaza na Chiriku, mnaweza kurudi kwenye dawati lenu la zamani, karibu na dirisha."

Kipaza alishangilia mpaka darasa la jirani likagonga ukuta.

Jumatatu mawingu yalikuwa bado yapo. Katikati ya somo la hesabu, Chiriku alisikia mluzi mwembamba pembeni yake. Kilikuwa kifua cha Kipaza. Alikuwa ameshika ukingo wa dawati, amefungua mdomo, na sauti haitoki. Mwalimu alimkalisha wima, akampa dawa yake ya kuvuta, akampigia simu muuguzi wa zahanati. Wakampeleka kwa gari.

Chiriku aliketi akiitazama nafasi tupu. Alijua kwamba alipaswa kulia. Machozi hayakuja.

Masomo yalipokwisha alikwenda moja kwa moja kwenye geti la kituo, akamsubiri mama yake atoke zamu. Akamweleza yote, bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anayesoma orodha.

Mama hakufoka. Alivua kofia yake ngumu, akaketi naye kwenye benchi la mlinzi.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka ubaki kazini."

"Nilikuona umebadilika. Nikadhani nikikaa kimya utapumzika. Hilo kosa ni langu. Twende kwa mwalimu wako wa sayansi."

Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa kalamu nyekundu, akampa Chiriku mwenyewe afute zile "safi" tatu na kuandika ukweli. Jioni ile ile mama alipeleka taarifa kwa msimamizi wa zamu. Walipokagua, walikuta kichujio kimoja kimechanika. Kikabadilishwa. Kituo pia kilikubali kuipigia simu shule siku moja kabla ya kuwasha mitambo, ili madirisha yafungwe.

Kipaza alirudi Jumatano. Chiriku alimwambia yote mbele ya darasa zima. Kipaza akamwangalia, akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, "Ungeniambia tu." Hakuongea naye siku mbili. Siku ya tatu aliomba kuazima rula.

Jumapili, wakipiga pasi sare, Chiriku aliuliza, "Sasa kituo ni kizuri au kibaya?"

"Kinachafua hewa, na wiki ile bila kituo hicho, hospitali ingekosa umeme," alisema mama. "Yote mawili ni kweli. Siku kitakapozimwa kabisa nitafurahi kwa ajili ya kifua cha Kipaza, na nitasikitika kwa ajili yangu. Sijui nitafanya kazi gani. Lakini sikiliza. Mimi kazini nasoma mita. Mgandamizo wa mvuke ukipanda, naandika umepanda, hata kama sipendi. Nikiandika ninachokitaka, mwenzangu anaungua. Kadi yako ya kwanza nyeusi ingetuonyesha kichujio kibovu siku ile ile. Unaponificha ukweli kwa kunipenda, unaninyima nafasi ya kurekebisha. Ukiogopa, njoo uniambie unaogopa."

"Naogopa," alisema Chiriku.

"Hata mimi."

Mama alizima pasi na kuisimamisha pembeni. Ndipo Chiriku alipolia, kwa mara ya kwanza tangu ile habari ije, na mama yake hakumwambia anyamaze.