Miguu Inayojua Kupanda Tu

Nyumba yangu iko mlimani, karibu na Karatu. Shamba liko juu zaidi. Kanisa, kisima na majirani wote wako bondeni.

Mwaka 1981 miguu ilianza kunisumbua. Nikipanda shambani naenda nimeinama, sina shida. Nikishuka, mwili unasimama wima, na miguu inawaka moto kuanzia matakoni mpaka vidoleni. Hatua chache tu, nakaa chini. Kutoka shambani narudi nikikaa kila baada ya hatua chache, lakini bondeni nikaacha kushuka; hata maji nilikinga ya mvua.

Watu waliniona nalima. Kanisani hawakuniona. Hata mume wa rafiki yangu Antonia alipofariki, sikwenda kuzika. Siku moja Antonia alipita na kuni kichwani. Hakusimama.

"Kulima unaweza, Mama Raphaeli. Kuzika huwezi."

"Ni miguu, Mama Piusi."

"Miguu gani hiyo inayojua kupanda tu?"

Tangu hapo hakuna aliyekuja kuomba moto kwangu. Nilisonga ugali wa mtu mmoja. Jioni nilisikia watu wakicheka bondeni, nami nikazungumza na mbuzi. Mbuzi hana habari mpya.

Kisha akaja Leonida, nesi wa zahanati, akikagua vyoo vya kijiji. Alinikuta nimeegemea jembe.

"Bibi, ukiinama hivyo unapata nafuu?"

"Napata. Hata nikikaa."

"Ukisimama wima?"

"Miguu inakufa ganzi."

"Mkojo unakutoka bila kujua?"

"Nesi, mbona unaniuliza mambo ya watoto wachanga?"

"Nijibu, bibi. Ukianza kukutoka hivyo, au ukifa ganzi sehemu za siri, nenda hospitali siku hiyo hiyo."

"Bado sijafika huko."

Akanieleza. Ndani ya uti wa mgongo kuna mfereji. Mishipa ya fahamu ya miguu hupita humo. Tukizeeka, mifupa huota na kunenepa, mfereji ukawa mwembamba, mishipa ikabanwa. Ukiinama, mfereji hupanuka kidogo.

"Ndiyo maana kupanda unaweza," alisema.

Nililia. Hatimaye mtu alikuwa ameniamini.

Nilimeza dawa, nikafanya mazoezi aliyonionyesha. Nilipata nafuu kidogo, kisha hali ikawa mbaya zaidi. Nikashindwa hata kusimama jikoni. Mwanangu Raphaeli aliomba ruhusa kwenye shamba la kahawa, akanipeleka hospitali kubwa, Moshi. Walinichoma mgongoni dawa ya kuonyesha mfereji, wakapiga picha.

Daktari alisema, "Mama, unaweza kuendelea na dawa. Au tukupasue. Tutaondoa mfupa unaofunika mfereji kwa nyuma, mishipa ipate nafasi. Wengine mifupa yao huteleza, hao tunawaunganisha mifupa kwa kipande cha mfupa wa nyonga. Yako haitelezi, hutahitaji hilo."

"Nikipooza je?"

"Inaweza kutokea, lakini ni mara chache. Kidonda pia kinaweza kupata vijidudu. Na mgongo wenyewe unaweza kuendelea kuuma. Tunachotibu zaidi ni miguu."

Raphaeli alisogea karibu. "Mama, watu wanasema mgongo haupasuliwi."

"Watu hao wamekuja kunisalimu lini?"

Nikamgeukia daktari. Nikakubali.

Nilipozinduka, nesi wa wodi aliniambia nichezeshe vidole vya miguu. Vikacheza. Baada ya siku chache walinisimamisha, nikatembea wodini polepole nikishika vitanda. Nilirudi nyumbani na amri ya kutobeba mizigo mpaka daktari aniruhusu.

Asubuhi za baridi mgongo bado unauma. Lakini kidonda kilipopona vizuri nilishuka bondeni nimesimama wima, bila kukaa njiani. Nikaenda kwa Antonia. Alikuwa anapeta maharage.

"Pole na msiba, Mama Piusi. Nimechelewa."

Alitazama miguu yangu. Nikamweleza habari za mfereji na mishipa, nikamwonyesha kovu. Alisikiliza, mkono umetulia juu ya ungo.

"Kumbe," akasema.

Hakuomba radhi, wala mimi sikumdai. Alinipa kigoda, tukapeta pamoja. Nilipoaga, alijitanda kanga yake, akanisindikiza kupanda mpaka mlangoni kwangu. Akaingia ndani, akauliza kama nina chumvi ya kutosha, au aniletee.